Kutoka Shababi hadi Mashababi: Uhakiki wa Majina Wanayopachikwa Waislamu wa Kaskazini mwa Cabo Delgado

Neno shababi lina umri mrefu katika Kiswahili kuliko vita vinavyolitumia leo. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya msingi ni kijana, hasa kijana aliye katika ubora wa umri wake, mwenye nguvu na wa kupendeza macho. Bibi wa pwani aliyemwita mjukuu wake shababi alikuwa akimsifu. Tangu Oktoba 2017, neno hilohilo limegeuka kuwa tuhuma katika wilaya za Mocímboa da Praia, Palma, Nangade na Macomia. Likitamkwa na askari katika kizuizi cha barabarani, anayeitwa kwa jina hilo hukabiliwa na maswali ya alikotoka, aliyemlaza na sababu ya kufuga ndevu. Makala haya yanahakiki mageuzi hayo pamoja na maneno mengine yaliyofuatana nayo katika taarifa za serikali, vyombo vya habari na maandishi ya kitaaluma, yakiiangalia hasa Pundanhar, kituo cha utawala cha wilaya ya Palma kilicho bara, kwenye njia ya kuelekea Nangade, karibu na mto Ruvuma.

Pundanhar inafaa kwa uhakiki huu kwa sababu haina sifa za miji inayotajwa daima. Haina bandari, haina mradi wa gesi, haina hoteli ya wageni. Hata tahajia ya jina lake ni ya Kireno. Hapo hukutana wasemaji wa Kimakonde, Kimwani na Kiswahili, na mpaka wa Tanzania uko karibu kiasi kwamba biashara na undugu vimevuka mto kabla mpaka wenyewe haujachorwa. Kati ya 2020 na 2021 jina hili lilijitokeza mara kadhaa katika habari za mashambulizi, na wengi wa wakazi wake walihama. Msomaji wa habari hizo alijua idadi ya nyumba zilizochomwa, lakini hakuelezwa kwamba Mwislamu wa mahali hapo alikuwa akikimbia pande mbili: mbele ya wanaomwita kafiri, na mbele ya wanaomwita shababi.

Majina kabla ya vita

Waislamu wa pwani hii walianza kupachikwa majina na wageni zamani. Wareno walipofika mwaka 1498 walikuja na neno mouro tayari mdomoni. Lilikuwa jina la adui wao wa Rasi ya Iberia na Afrika ya Kaskazini, nao wakalivika kwa watu wa Kisiwa cha Msumbiji, Kilwa na Mombasa ambao hawakuwa wamewahi kupigana nao. Jina lilitangulia ujirani. Baadaye likaja neno monhé, ambalo katika Kireno cha Msumbiji limetumika kumdharau Mwislamu, Mhindi au chotara wa pwani. Wapo wanaisimu wanaolihusisha na neno mwinyi, yaani bwana au mwenye mji. Ikiwa nasaba hiyo ni sahihi, basi cheo cha heshima cha Waswahili kilipita katika kinywa cha mtawala kikatoka kikiwa tusi. Shababi si neno la kwanza kupatwa na mkosi huo.

Katika miaka ya 1960, wakati vita vya ukombozi vilipoanza, idara za ujasusi za ukoloni ziliwatazama Waislamu wa kaskazini kama mlango ambao fikra za utaifa zingeingilia kutoka Tanganyika. Mashekhe walipelelezwa na baadhi yao wakafungwa, kabla ya ukoloni kubadili mkondo na kujaribu kuwavuta upande wake. Baada ya uhuru wa 1975 chama tawala kilipambana na kilichoitwa obscurantismo, yaani ujima wa gizani, na katika kapu hilo moja ziliingizwa dini, mila na matambiko. Liazzat Bonate ameonesha katika tafiti zake jinsi uhusiano wa dola na Waislamu wa Msumbiji ulivyokuwa wa mashaka na mapatano kwa zamu. Jambo linalohusu isimu hapa ni hili: kila utawala ulikuwa na neno lake, na kila neno lilimweka Mwislamu mahali pa mtu anayetakiwa kujieleza.

Mwislamu huyu si mgeni wala si wachache wasioonekana. Sensa ya 2017 iliwahesabu Waislamu kuwa karibu asilimia 19 ya wananchi wote wa Msumbiji, na katika mkoa wa Cabo Delgado, hasa ukanda wa pwani, wao ndio wengi.

Oktoba 2017 na baada yake

Tarehe 5 Oktoba 2017 kundi la watu wapatao 30 lilivamia vituo vya polisi mjini Mocímboa da Praia. Wenyeji walikuwa wakiwaita wahusika Al-Shabaab tangu kabla ya siku hiyo, ingawa watafiti wengi hawakuona uhusiano wa kimuundo kati yao na kundi la Somalia lenye jina hilo. Serikali kwa muda mrefu ilipendelea neno malfeitores, yaani waovu au wahalifu, neno lisilo na dini wala siasa. Aprili 2020 Baraza la Taifa la Ulinzi na Usalama likabadili lugha na kuzungumzia uvamizi wa nje unaofanywa na magaidi. Machi 2021 Marekani ikaliorodhesha kundi hilo kwa jina la ISIS-Mozambique. Ndani ya miaka minne watu walewale walikuwa wahalifu, kisha wavamizi wa kigeni, kisha tawi la mtandao wa dunia.

Kila badiliko lilikuwa na faida kwa aliyelifanya. Neno malfeitores lilipunguza uzito wa jambo mbele ya wawekezaji, na neno uvamizi liliondoa swali la malalamiko ya ndani: ardhi, madini ya vito, ajira, vijana waliokosa nafasi. Msomaji atakayeona hoja hii kuwa ni ya kuwatetea wauaji ataikosea. Waliochinja watu Muidumbe na kushambulia Palma tarehe 24 Machi 2021 wana jina la kisheria, na sheria iwafuate. Kinachohakikiwa ni yale majina yanapopita juu ya vichwa vya wahusika na kutua kwa jirani.

Nayo yalitua. Baada ya shambulio la kwanza baadhi ya misikiti ya mkoa ilifungwa na mamia ya watu wakakamatwa. Oktoba 2018 kesi kubwa ilianza Pemba ikiwa na washtakiwa 189. Ilipokwisha mwaka uliofuata, wengi wao waliachiwa huru kwa kukosekana ushahidi wa kuwatia hatiani. Mahakama ilifanya kazi yake. Lakini kuachiwa huru hakumrudishii mtu jina alilokuwa nalo kabla ya kukamatwa. Kijiji kinakumbuka siku aliyochukuliwa kuliko siku aliyorudi.

Kiswahili kina methali inayoeleza mantiki hii kwa ufupi wa kutisha: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kwa kawaida hufundishwa shuleni kama onyo dhidi ya rafiki mbaya. Ikitumiwa kama kanuni ya usalama, inakuwa hukumu ya jumla isiyohitaji shahidi.

Kiambishi ki- na dawati la tafsiri

Hapa ndipo Kiswahili chenyewe kinapopaswa kuhojiwa, kwa kuwa wanahabari wa lugha hii, wa Dar es Salaam, Nairobi na redio za kimataifa, wamekuwa wakisimulia vita hivi kwa mamilioni ya wasikilizaji, wakiwamo wa Pundanhar. Virai vinavyorudiwa zaidi ni wapiganaji wa Kiislamu, wanamgambo wa Kiislamu, na Waislamu wenye siasa kali.

Kiambishi ki- katika nomino za aina hii hubeba lugha, desturi na namna ya kufanya jambo. Vazi la Kiislamu ni vazi linalofuata mafundisho ya Uislamu. Benki ya Kiislamu ni benki inayoendeshwa kwa kanuni zake. Maziko ya Kiislamu ni maziko yaliyotimizwa inavyotakiwa. Msikilizaji aliyezoea matumizi haya anaposikia shambulio la wapiganaji wa Kiislamu, sarufi yake inamwambia kwamba upiganaji huo nao unafuata kanuni za Uislamu, kama vazi, kama benki, kama maziko. Kirai hakielezi tu dini ya mtu. Kinaithibitisha kazi yake. Kama kusudi lingekuwa kutaja dini ya wahusika, Kiswahili kina njia nyingine: wapiganaji Waislamu. Hiyo nayo ina mashaka yake, kwani haielekei kutumika kwa Wakristo wanaobeba silaha mashariki ya Kongo au kaskazini mwa Uganda. Jeshi la Joseph Kony lilijiita la Bwana na lilidai kutawala kwa Amri Kumi, lakini msikilizaji wa Kiswahili alizoea kulisikia likiitwa waasi tu.

Chanzo cha tatizo ni cha kitafsiri. Kireno hutenganisha islâmico, kinachohusu dini, na islamista, kinachohusu itikadi ya kisiasa inayodai dini. Kiingereza kina mgawanyo kama huo. Taarifa zikifika kwenye dawati la Kiswahili, maneno yote mawili huangukia kwenye kirai kimoja, -a Kiislamu. Mfasiri hana nia mbaya; ana dakika kumi kabla ya taarifa ya habari. Hata hivyo, kile ambacho lugha mbili za kikoloni zimekitenganisha, lugha ambayo zaidi ya nusu ya fasihi yake ya kale iliandikwa na Waislamu inakichanganya. Suluhisho halihitaji istilahi mpya ya kamati. Kundi litajwe kwa jina lake. Au isemwe kwamba linadai kupigania Uislamu. Kitenzi kudai kinatosha kuondoa uthibitisho uliofichwa ndani ya ki-.

Kirai siasa kali kinastahili neno la pembeni. Katika Kiswahili cha zamani siasa ilikuwa pia upole na uangalifu: kufanya jambo kwa siasa ni kulifanya taratibu, kwa busara. Mtu mwenye siasa kali, kwa sikio la mzee wa pwani, ni mtu mwenye upole mkali, jambo lisiloeleweka. Kirai hiki kimeenea kwa sababu ya uzito wa sauti yake, si kwa sababu ya maana, na katika vyombo vya habari kimeshikamana na Waislamu kiasi kwamba mwanasiasa wa chama chochote mwenye msimamo usiotikisika haitwi hivyo.

Yapo pia maneno yaliyoporwa. Jihadi, juhudi na jitihada ni watoto wa mzizi mmoja wa Kiarabu. Mwalimu anamsifu mwanafunzi kwa juhudi na jitihada. Ndugu yao wa tatu hawezi tena kutajwa hadharani bila watu kugeuka. Neno gaidi lilikuwa katika kamusi za zamani mnyang'anyi wa njiani, bila kujali dini yake. Leo, katika mazungumzo ya kila siku, sura inayokuja akilini neno hilo likitajwa mara nyingi imevaa kanzu.

Ikumbukwe kwamba kiambishi ma- cha mashababi hakina kosa chenyewe. Baadhi ya wahakiki hupenda kusema kuwa ngeli ya ma- hushusha hadhi: majambazi, magaidi, makafiri. Lakini ngeli hiyohiyo ina maimamu, mabwana, mashekhe na madaktari. Dharau haimo katika kiambishi, na kuitafuta humo ni kuipa sarufi lawama ya watu.

Utafiti unapogeuka orodha ya dalili

Wataalamu nao hawawezi kukaa pembeni. Kazi ya Saide Habibe, Salvador Forquilha na João Pereira juu ya Mocímboa da Praia, iliyotolewa mwaka 2019, ni miongoni mwa tafiti za mwanzo na za lazima. Ilieleza jinsi vijana wa kundi hilo walivyojitofautisha na waumini wenzao: mavazi yao, ndevu, suruali zilizokatwa juu ya kifundo, kuingia msikitini na viatu. Kama ethnografia, maelezo hayo yana thamani. Tatizo ni maisha yake ya pili. Yakinakiliwa katika muhtasari wa sera, kisha katika mafunzo ya usalama, yanapoteza muktadha wake na kubaki orodha ya dalili. Kuingia msikitini na viatu ni tendo la uchokozi linaloonekana na waumini peke yao, kwa hiyo halimsaidii askari wa barabarani. Kinachobaki mkononi mwake ni ndevu na suruali. Dalili yenye nguvu zaidi katika utafiti ndiyo isiyosafiri, na dalili dhaifu ndiyo inayofika kizuizini.

Linaloachwa nje ya muhtasari ni nusu nyingine ya ushahidi. Eric Morier-Genoud ameonesha kwamba miaka kadhaa kabla ya 2017 viongozi wa Kiislamu wa Cabo Delgado, wakiwamo wa Baraza la Kiislamu la Msumbiji, walilipinga kundi hili, walijadiliana nalo, na waliitahadharisha serikali. Mwislamu alikuwa wa kwanza kuliona, wa kwanza kulikataa, na mara nyingi wa kwanza kuuawa nalo. Kundi lenyewe liliwaita waumini wa kawaida na mashekhe wao makafiri kwa sababu walipeleka watoto shule za serikali au walishirikiana na dola. Jina hilo la kikatili lilitumika ndani ya msikiti kabla silaha hazijatoka nje. Uhakiki wowote wa lugha ya ubaguzi katika eneo hili unaolitaja neno shababi na kulisahau neno kafiri ni nusu ya uhakiki.

Kiswahili kama kitambulisho cha mshukiwa

Kuna tuhuma ambayo inawahusu kwa karibu washiriki wa makongamano ya Kiswahili. Miongoni mwa majina ambayo kundi hili limeitwa katika ripoti ni Swahili Sunna. Kwa kuwa baadhi ya wapiganaji walitoka Tanzania na Kiswahili kimetumika katika mahubiri na kanda za video, kuzungumza Kiswahili upande wa kusini wa Ruvuma kumekuwa, machoni pa baadhi ya askari wanaotoka mikoa ya mbali, alama ya ugeni wa hatari. Jina la Kiislamu, lafudhi ya pwani na kukosa bilhete de identidade, kitambulisho ambacho maelfu walikipoteza nyumba zilipoungua, vikikutana kwa mtu mmoja, vinatosha kumchelewesha, kumnyang'anya au kumfunga.

Kejeli ya historia hapa ni nzito. Frelimo iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962. Wapiganaji wake walifunzwa Kongwa na Nachingwea, na Kiswahili kikawa moja ya lugha zilizowaunganisha Wamakonde, Wamakua na Wamwani kambini. Wazee wa ukombozi wa Mueda na Nangade bado wanakizungumza. Lugha hiyo ndiyo iliyovuka Ruvuma mwaka 1964 pamoja na risasi za kwanza za uhuru. Agosti 2019 SADC ikaifanya lugha rasmi ya nne ya jumuiya. Katika mwaka huohuo mkulima wa Pundanhar alikuwa na sababu ya kujizuia kuisema mbele ya gari la doria.

Upande wa kaskazini wa mto hali haikuwa nyepesi. Baada ya shambulio la Kitaya, mkoani Mtwara, Oktoba 2020, wakimbizi wa Msumbiji walitazamwa zaidi kama hatari kuliko kama wahitaji. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi liliripoti kwamba katika nusu ya kwanza ya 2021 zaidi ya watu 9,000 walirudishwa kwa nguvu kupitia Negomano. Watu hao walizungumza Kiswahili na wengi wao walisali kuelekea kibla kimoja na wenyeji wa Mtwara. Msumbiji walishukiwa kuwa Watanzania, na Tanzania walishukiwa kuwa wa Msumbiji.

Kenya ilipita njia hii mapema. Aprili 2014, miezi michache baada ya shambulio la Westgate, operesheni ya Usalama Watch iliwakusanya maelfu ya watu, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Neno wariah, ambalo katika Kisomali ni mwito tu wa kumwamsha mtu akusikilize, lilikuwa tayari limegeuzwa jina la dharau mitaani Nairobi. Tena ni neno la kawaida la jamii lililochukuliwa na kugeuzwa kuwa nembo yao.

Anayetaja na anayetajwa

Hoja moja inayopinga uhakiki huu ni ya kweli na haifai kurukwa. Jina Al-Shabaab halikubuniwa na polisi wala wanahabari. Wenyeji wenyewe, Waislamu, ndio waliowaita vijana wale hivyo, na hadi leo waliopoteza watoto na nyumba hulitumia bila kuona haya. Kwao jina linatenganisha: wale ni mashababi, sisi ni Waislamu. Kuwataka waache kulitumia kwa ajili ya usafi wa lugha kungekuwa kuwanyang'anya kifaa chao cha kujieleza. Neno hubadilika kazi linapobadilisha msemaji. Mama aliyekimbia kutoka Pundanhar akilitamka, anamtaja mtu aliyemwona. Ofisa akiliandika katika fomu, anampanga mtu ambaye hajamjua bado.

Ndiyo maana mahali panapostahili kuangaliwa zaidi na washauri wa sera ni chumba cha mahojiano kuliko chumba cha habari. Lugha rasmi ya Msumbiji ni Kireno, na sheria dhidi ya ugaidi inatumika kwa Kireno, wakati shahidi na mtuhumiwa wa wilaya ya Palma mara nyingi hufikiri na kujibu kwa Kimwani, Kimakonde au Kiswahili. Chukuliwe mfano wa sentensi nyepesi: vijana walipita usiku wakaomba maji, tukawapa. Vijana katika usemi wa kila siku wanaweza kuwa watoto wa jirani, askari wa doria, walinzi wa kijiji au wapiganaji. Mkalimani anayejua kwamba shabaab kwa Kiarabu ni vijana, na aliyefanya kazi mwaka mzima na majalada ya ugaidi, anaweza kuihamisha sentensi hiyo kwa Kireno kama ungamo la kuwasaidia magaidi, bila kudanganya neno hata moja kwa mujibu wa kamusi. Mwenzake atauliza swali moja kwanza: vijana gani?

Vyama vya Kiswahili vya kanda vina uwezo wa kuandaa faharasa ya wakalimani wa mahakama na wa mashirika ya misaada, kwa Kiswahili, Kimwani, Kimakonde na Kireno, inayoonesha maana za kawaida za maneno ya dini na ya umri pamoja na hatari za kuyafasiri. Haihitaji kuwa ndefu. Kurasa zake za kwanza zingekuwa za vijana, shababi, ustadhi, madrasa, jihadi, kafiri na mgeni, neno la mwisho likiandikwa kwa uangalifu wa pekee, kwa kuwa kwa Kiswahili mgeni ni anayestahili kupewa maji.